Kinyonga Aitwaye "To": Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mnazi

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliandikiwa ubaoni sentensi hii: "My mother went to Lushoto to sell tomatoes." Akaambiwa apigie mstari infinitivi. Akapiga mistari mitatu. Wa kwanza chini ya "to Lushoto", wa pili chini ya "to sell", na wa tatu, kwa umakini wa mtu aliyeona ambacho wenzake hawakukiona, chini ya "to" iliyojificha mwanzoni mwa "tomatoes". Akapata sifuri, na daftari lake likazungushwa darasani ili wenzake wacheke.

Mimi sikucheka. Mtoto yule alifanya vilevile alivyofundishwa: infinitivi ni kitenzi chenye "to" mbele yake, kariri, kaa chini. Akaenda kuwinda "to", akarudi nazo zote, hadi ya nyanya. Kama kuna kilichostahili sifuri pale, ni ile fasili.

Basi, mwanangu wa Mnazi, nakuandikia mwongozo mwingine. Wewe unakaa chini, kwenye tambarare ya Umba, nyuma yako ni milima ya Usambara na mbele yako nyika ya Mkomazi. Kwenu kunaitwa kwa jina la mti wa pwani, ila kunajulikana kwa mkonge. Nyumbani unasikia Kisambaa au lugha ya jirani, dukani unasikia Kiswahili, na shule ya msingi umeisoma kwa Kiswahili, kama watoto wa Tanzania walivyoisoma tangu mwaka 1967. Halafu Januari moja unaamka, fizikia ni Kiingereza, historia ni Kiingereza, hata kilimo, ambacho babu yako angeweza kumfundisha mwalimu, nacho ni Kiingereza. Katikati ya mafuriko hayo unaletewa infinitivi na kuambiwa ni mgeni, msalimie kwa adabu. Si mgeni. Umekuwa naye tangu ulipojua kusema "kula".

Kwa hiyo usianze na "to". Anza na ku yako.

Sema "kulima". Nani analima? Hatujui. Lini? Hatujui. Ni kazi yenyewe tu, haijapewa mtu wala siku. Ukisema "analima" umeshampata mtu na wakati wake. Ukisema "walilima" umewapata wengi na jana yao. "Kulima" ni jembe lililoegemezwa ukutani: ni jembe kamili, ila hakuna aliyelishika. Hicho ndicho Waingereza wanachokiita infinitivi, na vitabu vyetu vya sarufi vinakiita kitenzi-jina, kwa kuwa kinaweza kukaa mahali pa jina: "Kulima kwako kumetulisha." Kina hata ngeli yake, ngeli ya KU, ambayo wanaisimu wa lugha za Kibantu huipa namba 15. Kisambaa nacho kina ku hiyohiyo. Mmisionari Mjerumani Karl Roehl aliandika sarufi ya Kisambaa, ikachapishwa Hamburg mwaka 1911. Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachapisha utafiti wake juu ya njeo za lugha hiyo mwaka 1989. Vitenzi vya bibi yako vimepimwa na kuwekwa vitabuni kama vilivyowekwa vya Shakespeare. Mkumbushe hivyo mtu yeyote atakayekuambia kuwa lugha ya nyumbani haina sarufi.

Sasa rudi kwa mama na nyanya zake. Usiulize "to iko wapi?" Uliza hivi: kazi isiyo na mtu wala wakati iko wapi? "Went" ina wakati, safari imeshafanyika. "Sell" je? Aliuza? Sentensi haisemi. Huenda nyanya zilipondeka zote kwenye gari kabla ya kufika. "Sell" ni kazi inayongoja, imeegemezwa ukutani, na hiyo ndiyo infinitivi yako. Ukitaka shahidi, isome sentensi kwa Kiswahili: "Mama alikwenda Lushoto kuuza nyanya." Tazama "to" ya Lushoto ilivyotoweka, na ile ya "sell" ilivyogeuka ku. Lugha yako imekuchambulia mpunga na pumba, wewe hukutoa jasho.

Tatizo ni kwamba "to" ni kinyonga. Nyinyi wa pande hizi mnawajua vinyonga kuliko watu wengi duniani. Wanasayansi walipoitafutia jenasi moja ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki jina jipya mwaka 2006, waliiita Kinyongia, neno letu likaingia katika vitabu vya biolojia vya ulimwengu mzima, na Usambara ina spishi zake humo. Kinyonga hubadili rangi, lakini mwendo habadili. "To" naye hivyohivyo. Ukimwona mbele ya mahali au mtu, kama "to Mlalo" au "to my uncle", huyo ni kihusishi anayeonyesha kuelekea, mpishe aende zake. Ukimwona mbele ya kitenzi kitupu, kisicho na -s, kisicho na -ed, kisicho na -ing, umempata unayemtafuta. Usimtazame "to" usoni, mtazame aliyemfuata nyuma. Mtoto wa nyanya angefundishwa hilo moja tu asingezungushiwa daftari.

Na si ajabu wawili hawa wanafanana, maana hapo kale walikuwa mmoja. Kiingereza cha miaka 1,000 iliyopita kilikuwa na infinitivi yenye mkia, -an, mwishoni mwa kitenzi, na "to" asili yake ilikuwa neno la kuelekea. Mikia ikalika kadiri karne zilivyopita, "to" ikabaki imeshika kazi ya kuitambulisha infinitivi. Wajerumani wa misheni ya Bethel, waliofika Mlalo mwaka 1891, walikuja na lugha iliyo binamu wa Kiingereza ambayo mkia wake, -en, haujakatika mpaka leo. Kwa kuwa "to" ilianza kama neno la kuelekea, ukiona inabeba maana ya "ili", tulia, umefika nyumbani: mama alikwenda Lushoto ili auze. Kuelekea mahali na kuelekea lengo, kwa Mwingereza, ni hatua moja.

Tuje sasa kwenye shimo linalowameza wengi, yaani infinitivi isiyo na "to" kabisa. Nitakufundisha kwa historia ya hukuhuku, kwa sababu wazee wetu waliisoma kwa mikono yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kisha ikautanua. Wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko. Wakakataa. Miaka ya 1950 ukaidi ukachacha, siasa za uhuru zikauongezea moto, na mradi ukafa kabla bendera ya Uingereza haijashushwa mwaka 1961. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 juu ya wakulima wa Usambara waliokuwa wanafikra.

Yaandike hayo kwa Kiingereza. "The government made the farmers dig ridges." "The farmers refused to dig ridges." Kazi ni ileile, "dig", na mara zote mbili haina mtu wala wakati. Mara zote mbili ni infinitivi. Lakini kwa serikali haina "to", na kwa wakulima inayo. Mwanafunzi anayewinda "to" peke yake atamwona aliyekataa, hatamwona aliyelazimishwa. Kisha igeuze sentensi ya kwanza: "The farmers were made to dig ridges." "To" imerudi! Kitenzi "make" kikisimama katika kauli ya kutenda, "to" inafukuzwa. Kikilala katika kauli ya kutendwa, inarudi mlangoni. Hilo halina njia ya mkato, likariri. Ni kati ya mambo machache sana humu ninayokuomba ukariri.

Walio katika kundi la "make" si wengi. Wapo "let", "see" na "hear", na Kiswahili kinakusaidia kuwajua kwa sababu kwao mara nyingi ku haiji. "Let him go": mwache aende. "I saw him pass": nilimwona akipita. "The story made us laugh": hadithi ilituchekesha. Umeona? Pale Kiswahili kinapotumia -e, au -ki-, au kinapoumeza ulazimishaji ndani ya kitenzi kama katika "chekesha" na "kimbiza", Kiingereza nacho, kwa vitenzi hivi, huivua infinitivi "to" yake. "Help" anakaa ukingoni, "help me carry" na "help me to carry" zote ni halali. Usigombane na mtu.

Kisha kuna can, may, must, will, shall, na ndugu zao could, might, should na would. Baada ya hawa kitenzi hubaki kitupu siku zote. Hapa Kiswahili kinakuponza. Unasema "naweza kusoma", ku ipo, unaihamishia kwa Mwingereza, unaandika "I can to read", mstari mwekundu unashuka. Nisikilize vizuri: kosa hilo si upumbavu. Ni akili iliyofuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu hadi ikavuka mpaka bila kujua. Mwalimu anayekuambia huna akili kwa sababu ya "can to" hajajiuliza ile "to" umeitoa wapi. Angejiuliza, angelitibu kosa kwa dakika moja.

Na "do", "does", "did"? Kanuni ni hiyohiyo, sababu iko wazi zaidi. Mkata mkonge hufunga majani 30 kitita kimoja, na kitita hicho hubebwa na bega moja. Katika "Did he go?" mzigo wa wakati uliopita umeshabebwa na "did". "Go" inatembea mikono mitupu. Ukiandika "Did he went?" umewatwika watu wawili kitita kimoja, nao watajikwaa.

Nimekusifia ku mno, sasa nikupe na aibu yake. Kuna mahali ushahidi wake ni wa uongo, na asiyekuonya hapo anakupeleka kwenye kuanguka. Linganisha: "I used to cut sisal." "I am used to cutting sisal." Ya kwanza ni ya mzee aliyestaafu: nilikuwa nikikata mkonge, siku hizi sikati. Ya pili ni ya kijana mwenye sugu viganjani: nimezoea kukata mkonge. Kwa Kiswahili ku ipo kwenye ya pili, lakini kwa Kiingereza infinitivi ipo kwenye ya kwanza! Mambo yamepinduka kabisa. Sababu ni kwamba ku yetu hufanya kazi mbili ambazo Mwingereza amezigawa. Infinitivi huichukulia "to", na lile jina la kazi huliundia -ing. "Napenda kusoma" yako inaweza kuwa "I like to read" au "I like reading". Lakini "enjoy", "finish" na "avoid" hutaka -ing tu, na "want", "hope", "refuse", "decide" na "promise" hutaka "to" tu. "Look forward to" nayo ina "to" ya kihusishi, ndiyo maana hufuatwa na "seeing", haifuatwi na "see". Nenda kwenye mkia: ukiona -ing baada ya "to", ujue yule ni kinyonga wa rangi nyingine.

Kuna vitenzi ambavyo kwavyo tofauti hiyo ni ndoa na talaka. "My uncle stopped to smoke." "My uncle stopped smoking." Katika ya kwanza mjomba alisimama ili avute. Katika ya pili mjomba ameacha kuvuta. Shangazi atafurahia sentensi moja tu kati ya hizo, na mtihani wa taifa unaweza kukuuliza ni ipi. Chomeka "ili". Ikiingia bila kusukumwa, ni infinitivi.

Ukihisi kuwa Kiingereza kimekuonea kwa kuwa na "to" za kila rangi, itazame lugha yako kwa jicho la mgeni. "Nakupenda": ku ni wewe. "Hakulima": ku ni ukanushi wa wakati uliopita. "Kule kunanyesha": ku ni mahali. "Anakula": ku imesalia kwa sababu "la" peke yake ni fupi mno kubeba mkazo. Kisha kuna kuku, kuni na kunguru, ambao hawahusiki hata kidogo. Mzungu anayejifunza Kiswahili anazama hapo miezi. Wewe je? Hakuna mtu Mnazi aliyewahi kuambiwa "nakupenda" akaenda kuchukua jembe. Kichwa chako kinazichambua ku tano kwa sekunde moja, bila sifuri na bila fimbo, kwa sababu ulizizoea zikiwa ndani ya maneno ya watu, hukupewa zikiwa kwenye orodha. "To" za Kiingereza zitakutii kwa njia hiyohiyo. Soma sana, hata magazeti ya zamani yaliyofungia maandazi.

Tena usitishwe na wakubwa. Mwaka 1864 kasisi mmoja wa Uingereza, Henry Alford, alikemea katika kitabu chake tabia ya kuweka neno kati ya "to" na kitenzi chake. Baada yake walimu wa nchi nyingi, zikiwamo zilizotawaliwa na Waingereza, wakapiga mistari myekundu kwa zaidi ya miaka 100 juu ya jambo ambalo waandishi hodari wa Kiingereza walilifanya bila haya. Henry Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwatetea wanaoipasua infinitivi wakijua wanachofanya. Kwetu kupasua ni sheria, wala hakuna aliyekesha kwa ajili yake: ku-ki-soma, ku-wa-somea, ku-to-soma. Itazame vizuri hiyo ya mwisho. "To" yetu imekaa katikati ya ku na kitenzi, na kazi yake ni kukana. Mwingereza akisema "to" anakutuma ukasome. Msambaa akiitia "to" katikati ya kitenzi cha Kiswahili anakuzuia. Waeleze wenzako hilo mkiwa njiani kurudi nyumbani, hawatalisahau hadi kidato cha nne.

Zile "to have eaten", "to be eating" na "to be eaten" zisikusumbue. Ni infinitivi ileile iliyovaa koti. Ya mwisho ni "kuliwa", basi.

Jipime. "We walked to the estate to help my uncle cut sisal, but he told us to go home and made us carry tomatoes to our grandmother." Kuna "to" nne humo zilizosimama zenyewe, mbali na zilizojificha ndani ya "told" na "tomatoes". Infinitivi ni nne. Mbili zimevaa "to": "to help" na "to go". Mbili ziko uchi: "cut", kwa sababu ya "help", na "carry", kwa sababu ya "made". Shamba, bibi na nyanya wasamehewe. Ukizipata nne bila kuchungulia hapa, huhitaji tena ile fasili. Ukipata tatu, nadhani uliyoikosa ni "carry". Rudi Mlalo, kwenye matuta.

Neno langu la mwisho ni kwako, mwalimu mwenzangu. Nimewahi kuingia katika shule yenye ubao ulioandikwa kwamba Kiswahili hakiruhusiwi kuanzia getini, na mtoto aliyekamatwa akikisema alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Ndani ya geti hilohilo mwalimu alikuwa akihangaika kueleza infinitivi kwa Kiingereza kwa watoto ambao bado hawajui Kiingereza, huku ku, ambayo ingemaliza kazi kabla ya kengele, imeachwa nje pamoja na wauza karanga. Kipindi ni dakika 40. Kiingereza kinahitaji kila moja ya dakika hizo, nami nataka watoto wa Mnazi wakijue vizuri kuliko sisi tulivyokijua. Kwa hiyo nakuomba, Jumatatu ukiingia darasani, kabla hujaandika "to dig", andika kwanza "kulima", uwaulize watoto nani analima na lini, uwaache wakujibu.